Jules Verne

Jules Gabriel Verne (Nantes, 8 Februari 1828 – Amiens, 24 Machi 1905) alikuwa mwandishi wa riwaya na tamthilia kutoka nchini Ufaransa. Pamoja na Mwingereza H. G. Wells anahesabiwa kati ya waasisi wa bunilizi ya kisayansi. Vitabu vyake vinavyosomwa zaidi ni Safari ya Kwenda Kitovu cha Dunia (1864), Kutoka Duniani hadi Mwezini (1865), Lieue 20,000 Chini ya Bahari (1869–1870) na Kuizunguka Dunia kwa Siku 80 (1873). Kwa idadi ya tafsiri, orodha ya UNESCO inamweka katika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Agatha Christie.

Riwaya iliyompa jina, Majuma Matano katika Baluni (1863), inaanzia Zanzibar na kupita juu ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwandishi mwenyewe hakuwahi kufika huko. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kitabu hiki kina utamu na uchungu pamoja: ni hadithi nzuri ya safari, lakini wenyeji wanaoonekana ndani yake ni vivuli tu.

Utoto mjini Nantes

Verne alizaliwa kwenye kisiwa cha Feydeau, katikati ya mto Loire, ndani ya mji wa Nantes. Baba yake, Pierre Verne, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Sophie Allotte de la Fuÿe, alitoka katika ukoo wa mabaharia na wenye meli. Jules alikuwa kifungua mimba kati ya watoto watano. Mdogo wake, Paul, ndiye aliyekuja kuwa baharia kweli.

Nantes ilikuwa mji wa bandari, na mtoto Jules alikua akitazama milingoti ya meli kutoka dirishani. Ni vema kukumbuka ni bandari ya namna gani. Katika karne ya 18 Nantes iliongoza kati ya bandari za Ufaransa katika biashara ya kuwachukua watumwa kutoka Afrika na kuwapeleka visiwa vya Karibi, na nyumba nyingi za fahari za Feydeau zilijengwa kwa faida ya biashara hiyo. Verne alipozaliwa biashara yenyewe ilikuwa imeshapigwa marufuku, lakini Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848 tu, alipokuwa na umri wa miaka 20.

Kuna hadithi maarufu kwamba akiwa na miaka 11 alizamia meli iliyokuwa ikienda Uhindi, ili amletee binamu yake Caroline mkufu wa marijani, na kwamba baba yake alimwahi kabla meli haijafika baharini. Habari hii ilienezwa na kitabu cha ndugu wa familia kilichotolewa mwaka 1928. Wataalamu wengi wa leo hawaisadiki, ingawa bado inarudiwa katika vitabu vya watoto.

Miaka ya Paris

Mwaka 1848 alihamia Paris kusomea sheria, kwa kuwa baba yake alitaka amrithi ofisini. Shahada aliipata mwaka 1851, lakini ofisi aliikataa. Moyo wake ulikuwa kwenye tamthilia. Alexandre Dumas, mwandishi mashuhuri wa wakati ule, alimsaidia, na mwaka 1850 mchezo wake mmoja ulionyeshwa katika ukumbi wa Dumas. Baadaye alifanya kazi ya ukatibu katika ukumbi mwingine wa michezo kwa malipo madogo. Wakati huohuo alishinda katika Maktaba ya Taifa akisoma habari za jiografia, fizikia, nyota na safari za wapelelezi. Tabia hiyo hakuiacha hata uzeeni: alikusanya maelfu ya kadi zenye maelezo aliyoyanakili kutoka magazeti na vitabu.

Mwaka 1857 alimwoa Honorine de Viane, mjane mwenye binti wawili. Ili kuitunza familia alinunua, kwa fedha za baba yake, hisa katika kampuni ya madalali kwenye soko la hisa la Paris. Aliandika alfajiri na mchana alikwenda sokoni. Mtoto wake wa pekee, Michel, alizaliwa mwaka 1861.

Kukutana na Hetzel

Mwaka 1862 alimpelekea mswada wake Pierre-Jules Hetzel, mchapishaji aliyewahi kuishi uhamishoni kwa sababu ya siasa zake za kijamhuri. Hetzel alikuwa akipanga gazeti la kuelimisha na kuburudisha vijana, na katika Verne alimwona mtu aliyemtafuta: mwandishi awezaye kufundisha sayansi bila kumchosha msomaji. Mkataba wao ulimfunga Verne kutoa vitabu kadhaa kila mwaka, ukamwezesha kuachana na soko la hisa. Mfululizo huo uliitwa Safari za Ajabu, na kabla ya kufa kwake ulifikia riwaya 54.

Hetzel hakuwa mchapishaji tu. Alikuwa mhariri mkali. Mara baada ya kitabu cha kwanza kufaulu, Verne alimletea riwaya kuhusu Paris ya karne ya 20: mji wenye taa za umeme na mashine za kupeleka picha kwa njia ya waya, ambamo kijana mshairi anakufa njaa kwa sababu hakuna anayejali ushairi. Hetzel aliikataa. Mswada ulilala sandukuni zaidi ya miaka 100 na ukachapishwa mwaka 1994. Wanaodhani kwamba Verne alianza akiishangilia mashine na kuiogopa uzeeni tu inawabidi wakifikirie tena kitabu hicho.

Majuma Matano katika Baluni

Kitabu kilitoka tarehe 31 Januari 1863. Kinasimulia safari ya Waingereza watatu: Dk. Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy ambaye ni mwindaji kutoka Uskoti, na mtumishi wao Joe. Wanaondoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862 kwa baluni iliyojazwa hidrojeni, wanapita juu ya Uzaramo, milima ya Rubeho, Ugogo na Kazeh (karibu na Tabora ya leo), wanavuka ziwa Nyanza, kisha wanageuka magharibi kupitia ziwa Chad na Timbuktu hadi mto Senegal.

Ufundi wa baluni hiyo ndio sehemu ya sayansi ndani ya riwaya. Baluni za wakati ule zilipanda kwa kutupa farumi na kushuka kwa kuachia gesi, kwa hiyo kila kupanda na kushuka kulifupisha safari. Fergusson anaipasha moto gesi iliyomo: ikipata joto inatanuka na chombo kinapanda, ikipoa kinashuka, wala hakuna kinachopotea. Hivyo anaweza kutafuta upepo unaomfaa katika kimo chochote. Wazo ni zuri na limeelezwa kwa hesabu za uzito na ujazo zinazomfanya msomaji aamini. Kasoro yake ni kwamba hidrojeni inashika moto upesi mno, na kuwasha kichomeo chini ya mfuko uliojaa gesi hiyo ni kujitafutia kifo.

Habari za nchi Verne alizitoa hasa katika maandishi ya Richard Burton na John Hanning Speke, waliosafiri kutoka pwani hadi ziwa Tanganyika miaka 1857–1858. Mwaka 1858 Speke peke yake alifika pia kusini mwa Nyanza, akadai kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Wakati Verne anaandika, Speke alikuwa amerudi tena Afrika kuthibitisha dai lake, na Ulaya haikujua kama yu hai. Riwaya ilimtangulia: watu wa Fergusson wanaiona Nile ikitoka ziwani, na miezi michache baada ya kitabu kutoka, habari za kweli za Speke zikafika London. Bahati kama hiyo hata mwandishi mzoefu haipati mara mbili.

Kutoka kwa Burton yalikuja pia maneno ya Kiswahili. Msomaji wa Kifaransa wa mwaka 1863 alikutana na waganga na tembe katika kurasa za Verne, na msomaji wa leo anayejua Kiswahili hushtuka kwa furaha kuyakuta humo. Furaha haidumu. Pale Zanzibar wenyeji wanaletwa kama watu wanaoichukia baluni kwa kuamini kwamba wageni wanataka kulishambulia jua na mwezi, na inabidi ijazwe gesi kwenye kisiwa cha pembeni chini ya ulinzi. Kisiwa cha Unguja wakati huo kilikuwa chini ya Sultani Majid bin Said. Kilikuwa na mabalozi wa nchi kadhaa, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na wenyeji waliozoea meli za mvuke. Haya yote yanapita haraka mno katika riwaya.

Kazeh ni mfano mkubwa zaidi. Verne aliupata ufafanuzi wa Unyamwezi kuwa nchi ya mwezi, akaujengea kichekesho: watu wanaidhani baluni kuwa mwezi ulioshuka na wasafiri kuwa watoto wake, wanamwita Fergusson amtibu sultani aliyeharibiwa na ulevi, kisha mwezi halisi unachomoza na udanganyifu unafichuka. Mganga mmoja aliyeshika nanga anapaishwa hewani. Kama kichekesho kimetungwa kwa ustadi. Lakini Kazeh halisi ilikuwa kituo kikuu cha misafara, ambako Burton na Speke walikaribishwa na kutunzwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri ambao wengi wao walikwishafika pwani na kuiona bahari. Verne alikuwa na habari hizo mezani kwake. Aliuchagua mwezi.

Kwingineko kuna kurasa ngumu kusameheka. Kundi la nyani linaivamia baluni iliyotia nanga kwenye mti, na wasafiri wanafanya mzaha kwamba kati ya nyani na wenyeji tofauti si kubwa. Makabila yanapigana na kula nyama ya watu mbele ya macho ya wazungu walio angani. Neno analolirudia kuwaita wenyeji ni lile ambalo Kiswahili kingelitafsiri washenzi. Hutokea kusemwa kwamba hayo yalikuwa mawazo ya zama zake, na ni kweli kwa sehemu, maana Burton mwenyewe aliandika mabaya kuliko hayo. Hata hivyo kitabu cha Burton, pamoja na dharau yake, kimejaa watu wenye majina: viongozi wa misafara, wenyeji waliopokea wageni, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani Uhindi, ambaye aliwaongoza Burton na Speke na baadaye Stanley na Cameron. Bila watu hao hakuna Mzungu ambaye angefika ziwani.

Hapo ndipo siri ya baluni ilipo. Msafara wa miguu ulihitaji wapagazi, wakalimani, hongo kwa machifu, ununuzi wa chakula na mazungumzo ya kila siku. Baluni haihitaji kitu katika hivyo. Chombo cha Fergusson kiliondoa malaria na mabonde kutoka katika safari ya Afrika, na kwa pigo hilohilo kiliwaondoa Waafrika. Kutoka kimo cha mamia ya mita, nchi inakuwa ramani na watu wanakuwa makelele. Wengi waliokisoma kitabu hiki utotoni na kukirudia ukubwani huona jambo hilo mara ya pili tu, kwa sababu mara ya kwanza msomaji mwenyewe alikuwa ndani ya kikapu pamoja na Joe.

Miaka ya mafanikio

Baada ya hapo vitabu vilifuatana haraka. Katika riwaya ya mwezini watu watatu wanarushwa na mzinga mkubwa kutoka Florida, na katika sehemu ya pili (1869–1870) wanauzunguka mwezi na kuangukia bahari ya Pasifiki. Karne moja baadaye wanaanga wa Apollo 8, watatu pia, waliondoka Florida, wakauzunguka mwezi na kurudi katika Pasifiki. Mzinga wenyewe usingefaa, kwani mshtuko wa kurushwa ungewaua abiria papo hapo.

Kuhusu Lieue 20,000 Chini ya Bahari inafaa kuondoa kosa moja linaloendelea kurudiwa: namba hiyo haimaanishi kina. Lieue ni kipimo cha Kifaransa cha masafa, hapa takriban kilomita 4, na jina linataja urefu wa safari ambayo nyambizi Nautilus inaifanya chini ya maji.

Nahodha wake, Nemo, ni mhusika mkuu kuliko wote aliowaumba Verne. Awali alikusudia awe Mpolandi aliyepoteza familia yake mikononi mwa Warusi. Hetzel alipinga kwa kuhofia soko la vitabu nchini Urusi, na Nemo akabaki bila nchi. Lakini hata bila nchi ana upande wake: ukutani ametundika picha za watu waliopigania uhuru, miongoni mwao John Brown, Mmarekani aliyenyongwa kwa kupigana na utumwa. Karibu na Ceylon (leo Sri Lanka) anamwokoa mpiga mbizi maskini wa lulu kutoka kinywani mwa papa.

Kisha katika Kisiwa cha Ajabu (1874–1875) Verne alimpa asili. Nemo ni Dakkar, mwana wa mfalme kutoka Bundelkhand nchini Uhindi, aliyeshiriki katika uasi wa mwaka 1857 dhidi ya Waingereza na kupoteza mke, watoto na nchi. Kwa hiyo mhandisi hodari kuliko wote katika Safari za Ajabu, mwenye maktaba, maabara na muziki, ni mtu wa Asia aliyetawaliwa na kuasi. Mwandishi yuleyule aliyewachekesha wasomaji kwa Wanyamwezi ndiye aliyetunga hilo. Mambo haya mawili hayapatani, na hakuna dalili kwamba Verne aliona haja ya kuyapatanisha.

Alirudi Afrika kwa kalamu mara kadhaa. Nahodha wa Miaka Kumi na Mitano (1878) inalaani biashara ya watumwa nchini Angola kwa hasira ya wazi, na humo Mmarekani mweusi aitwaye Hercules ni shujaa kamili. Lakini machifu wa Kiafrika katika kitabu hichohicho ni walevi na makatili. Aliyeachiliwa kutoka utumwani na kufundishwa Marekani anapewa heshima. Aliyebaki nyumbani hapewi.

Kuizunguka Dunia kwa Siku 80 ilitoka kwanza gazetini sehemu kwa sehemu mwishoni mwa mwaka 1872, ikawa tamthilia mwaka 1874 na kumletea utajiri kuliko kitabu kingine. Mwandishi wa habari Mmarekani Nellie Bly aliifanya safari hiyo kweli katika miaka 1889–1890 kwa siku 72, akipitia Amiens kumsalimu mwandishi.

Verne mwenyewe alisafiri kidogo kuliko wahusika wake. Mwaka 1867 alivuka Atlantiki kwenda New York na kuona maporomoko ya Niagara, na kwa meli zake ndogo, zote tatu zikiitwa Saint-Michel, alitembelea Uskoti, Ureno, Moroko, Algeria na Tunisia. Ni pwani ya kaskazini tu ya Afrika aliyoikanyaga.

Amiens na uzeeni

Tangu mwaka 1871 aliishi Amiens, mji wa mkewe. Michel alimsumbua sana. Baba alimweka katika shule ya marekebisho mwaka 1876 na baadaye akampakia meli ya kwenda Uhindi, na ilichukua miaka mingi kabla ya kupatana.

Tarehe 9 Machi 1886 mpwa wake Gaston, mtoto wa Paul, aliyekuwa mgonjwa wa akili, alimpiga risasi mbili mlangoni pa nyumba. Moja ilimpata mguuni, na Verne alichechemea hadi kufa. Gaston aliwekwa hospitali maisha yake yote. Wiki moja baada ya tukio hilo Hetzel alifariki, na mwaka uliofuata mama yake Verne.

Mwaka 1888 alichaguliwa diwani wa Amiens na akatumikia kwa takriban miaka 15, akishughulikia michezo ya kuigiza, maonyesho na shule. Katika riwaya za kipindi hiki mashine mara nyingi zimo mikononi mwa watu wabaya au vichaa, kama katika Kuikabili Bendera (1896), ambamo mvumbuzi aliyerukwa na akili anauza silaha kali kwa maharamia.

Alifariki kwa ugonjwa wa kisukari akiwa na miaka 77, akazikwa kwenye makaburi ya La Madeleine mjini Amiens. Michel aliendelea kutoa riwaya zilizobaki kwa jina la baba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miswada ya asili ilipochunguzwa ilionekana kwamba alizibadilisha mno, na nyingine alikuwa ameziandika kwa sehemu kubwa mwenyewe. Tangu hapo matoleo ya asili yamechapishwa.

Kumbukumbu

Nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia, ya Marekani, iliitwa Nautilus (1954), na chombo cha Ulaya kilichopeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2008 kiliitwa Jules Verne. Kwa muda mrefu nchi zinazosema Kiingereza zilimdhania mwandishi wa watoto, kwa sababu tafsiri za mwanzo zilikata kurasa nyingi, hasa za sayansi na za siasa.

Mji wa Nantes ulifungua makumbusho yake mwaka 1978, juu ya kilima kinachotazama Loire, na maktaba ya mji inahifadhi miswada yake. Chini ya kilima, kando ya mto uleule, ulifunguliwa mwaka 2012 mnara wa kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa, ambapo vibao vya kioo ardhini vinaonyesha majina ya meli zilizotoka bandari hiyo kwenda kuchukua watu Afrika.